Saa 24 za Mazungumzo: Nani Atazilipa?

Maoni ya wajumbe wa matawi waliokutana Batsinda, Kigali, juu ya utafiti wa ushauri na tiba ya mazungumzo



Watafiti wa ushauri na tiba ya mazungumzo wana desturi moja njema. Wanapomaliza mkutano wao humgawia kila mjumbe karatasi, wakamwomba aandike lililompendeza, lililomchosha, na analotaka lizungumzwe mkutano ujao. Karatasi hizo hujazwa na madaktari, walimu wa vyuo vikuu na washauri. Mchuma chai hapewi. Fundi wa cherehani wa kiwandani hapewi. Lakini wanaochunguzwa katika tafiti hizo, wanaohesabiwa na kupimwa huzuni yao kwa asilimia, ni watu kama sisi. Kwa hiyo sisi wajumbe wa matawi tuliona tujigawie karatasi wenyewe. Tulikutana Batsinda Jumamosi moja, tukasomewa kwa lugha nyepesi yale ambayo watafiti wameyapata katika Afrika yetu ya Mashariki na jirani zake, kisha kila mmoja akaandika maoni yake. Hii ndiyo taarifa yake.

Batsinda tuliichagua kwa sababu ukumbi wake ni wa bei nafuu, na kwa sababu wengi wetu tunakaa huko au karibu na huko, katika tarafa ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo. Wasomaji wa mbali huenda hawapajui. Ni mtaa uliokua kwa haraka baada ya mwaka 2008, wakati wakazi wa Kiyovu ya chini, iliyokuwa ikiitwa Kiyovu ya maskini, walipohamishwa kutoka katikati ya mji, na nyumba za bei nafuu zipatazo 250 zikajengwa hapa Batsinda. Nyumba ni za kudumu, hilo hatubishi. Lakini jirani wa Kiyovu hakuwa lazima awe jirani wa Batsinda, na aliyekuwa akienda kazini kwa miguu alianza kutafuta nauli. Tunalitaja hili mapema kwa sababu baadaye litarudi: nauli na ujirani ni mambo ambayo wajumbe waliyaandika mara nyingi kuliko tulivyotazamia.

Waliohudhuria walikuwa wachuma chai kutoka upande wa Gicumbi na Rulindo, wafanyakazi wa viwanda vya Masoro, walinzi wa usiku, na wenzetu wawili wa bohari. Mazungumzo yalikuwa ya Kinyarwanda na Kiswahili, maana baadhi yetu tumetoka Burundi, Kongo na Tanzania, na tangu mwaka 2017 Kiswahili nacho ni lugha rasmi ya Rwanda, hata kama fomu nyingi za ofisini bado hazijapata habari hiyo.

MARADHI YENYE MAJINA YA NYUMBANI

Jambo la kwanza lililowapendeza wajumbe lilikuwa dogo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, mtafiti Paul Bolton na wenzake hawakwenda vijijini Rwanda na orodha ya maradhi kutoka Ulaya au Marekani. Waliwauliza watu wenyewe: baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ni matatizo gani ya moyo na akili mnayoyaona? Watu wakataja mawili yanayofahamika na kila Mnyarwanda. La kwanza ni guhahamuka, yaani kushtuka na kuvurugikiwa hata mtu akawa kama amekatikiwa na pumzi. La pili ni agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi. Hii ya pili ndiyo inayofanana sana na ugonjwa ambao madaktari huuita sonona. Nako Zimbabwe watu wana neno lao la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza mno. Sisi wa Kiswahili husema fulani ana mawazo. Hatusemi ni mgonjwa, tunasema ana mawazo, kisha tunampita.

Hesabu za hapa Rwanda si za kupita. Uchunguzi wa taifa zima uliofanywa mwaka 2018 ulikuta kwamba katika kila watu 100, watu 20 na zaidi kidogo walikuwa na tatizo moja au zaidi la afya ya akili. Kwa walionusurika Mauaji ya Kimbari ilikuwa zaidi ya nusu, yaani 52 katika kila 100. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba watu 61 katika kila 100 walijua kuna mahali pa kupata msaada, lakini waliowahi kuutumia walikuwa kama 5 tu. Mjumbe mmoja wa kiwandani aliizungushia duara hesabu hii ya mwisho kwenye karatasi yake, akaandika kando yake neno moja: lini? Alikuwa na maana kwamba kituo cha afya kinafunguliwa saa ambazo yeye yuko kwenye mashine, na kinafungwa kabla hajatoka.

MASAKA NA RAKAI

Utafiti uliotuchukua muda mrefu kuliko yote ni wa Uganda, uliochapishwa mwaka 2003. Ulifanywa katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai, sehemu ambazo UKIMWI ulikuwa umeacha makaburi mengi na yatima wengi. Vijiji viligawanywa kwa kura. Katika nusu yake watu waliokuwa na huzuni nzito waliwekwa katika vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, wakakutana mara moja kwa wiki kwa muda wa dakika 90, wiki 16. Katika nusu nyingine watu waliendelea na maisha yao ya kawaida.

Katika vikundi hawakupewa vidonge. Walizungumza. Waliulizwa huzuni yao ilianza lini na palitokea nini wakati huo: je, ni msiba, ni ugomvi wa nyumbani, au ni maisha kubadilika, kama mtu kuugua au kufukara? Kisha kikundi kikamsaidia kila mmoja kutafuta la kufanya. Viongozi wa vikundi hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida wa sehemu zile zile, wanaosema Kiganda, waliopewa mafunzo ya wiki 2.

Matokeo ni haya. Kabla ya kuanza, watu 86 katika kila 100 wa vikundi walikuwa na dalili za sonona kamili. Baada ya wiki 16 walibaki kama 6 au 7. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walikuwa 94 wakabaki kama 55. Watafiti waliporudi baada ya miezi 6 walikuta nafuu bado ipo, na vikundi vingi vilikuwa vikiendelea kukutana bila ya kuombwa na mtu.

Ukumbi ulipiga makofi. Lakini mama mmoja, mchuma chai wa miaka mingi, hakupiga makofi. Alinyoosha mkono akauliza: hao waliotoka 94 hadi 55 bila ya kufanyiwa chochote, wao waliponywa na nani? Kwetu sisi hili lilikuwa swali bora kuliko yote ya siku ile, na ndilo linaloonyesha kwamba kufuata utafiti hakuhitaji shahada. Jibu ni kwamba huzuni nzito kwa wengine hupungua yenyewe kwa kupita muda, au mavuno yanapokuwa mazuri, au kwa sababu tu mtu amekuja kuuliza hali yako. Kama wasingekuwapo wale wa kulinganisha nao, watafiti wangejisifu kwa nafuu ambayo si kazi yao. Faida ya kikundi ni ile tofauti iliyobaki baina ya 55 na 7, nayo si ndogo hata kidogo.

HESABU YA MIZANI

Baada ya chai ndipo hesabu nyingine ilipoanza. Dakika 90 mara 16 ni saa 24. Hivyo tiba iliyowainua watu wa Masaka na Rakai ilidai saa 24 za kila mtu, bila ya kuhesabu njia. Wale walikuwa wakulima wa mashamba yao wenyewe. Wanaweza kuacha jembe mchana mmoja wakalishika kesho asubuhi. Sisi je?

Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Asipokuwa shambani hakuna kilo, na pasipo kilo hakuna ujira. Akienda kikundini mchana mmoja kila wiki kwa wiki 16, si mawazo tu yatakayopungua, hata sufuria itapungua. Kuna jambo jingine ambalo watu wa ofisini hawalioni. Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari huanza tarehe 7 Aprili na kuendelea kwa siku 100. Ndizo siku ambazo majeraha ya moyo hufumuka, na ndizo siku ambazo washauri huwekwa tayari kote nchini. Lakini Aprili pia ni katikati ya mvua kubwa, majani ya chai yanachipuka kwa wingi, na mizani haipumziki. Siku ambazo mchuma chai anamhitaji mshauri zaidi ndizo siku ambazo kuacha tenga kunamgharimu zaidi. Katika tafiti zote tulizosomewa siku ile hatukukuta hata moja iliyohesabu gharama hiyo. Wajumbe 9 waliandika jambo hili, kila mmoja kwa maneno yake, bila ya kuulizana.

Mlinzi wa usiku naye alikuwa na hesabu yake. Yeye mchana yuko huru, ndiyo, lakini mchana ndio usiku wake. Ukimwita kikundini saa nne asubuhi ni sawa na kumwita mtu wa ofisi saa nne ya usiku.

Hapo ndipo tulipoletewa habari za Zimbabwe, na zilichangamsha ukumbi. Tangu mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda na wenzake mjini Harare wamewafundisha akina bibi, wahudumu wa afya wa mitaani, kukaa na wagonjwa wa kufungisisa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Vikao vyao ni 6, si 16. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu watu 573 katika kliniki 24, ulionyesha kwamba waliokaa benchini walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Baada ya benchi wengi huingia katika vikundi ambamo huzungumza huku mikono ikisuka mifuko ya kuuza. Hilo la mifuko liliwagusa wachuma chai kuliko asilimia zote: wao walilisoma kama ushahidi kwamba kuna watu waliokumbuka kwamba mtu mwenye huzuni ana tumbo pia.

KIKUNDI NDANI YA GETI AU NJE?

Wenzetu wa Gicumbi walikuwa na la kusema lililo karibu zaidi. Kwao Byumba, mwaka 2005, ndiko ilikoanzia hapa Rwanda ile njia iitwayo tiba ya jamii, chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Byumba. Watu 10 hadi 15 wa sehemu moja hukutana kila wiki kwa muda wa saa 3 hivi, wiki 15, wakiongozwa na wawili miongoni mwa watu wa hapo hapo. Wanaanza na usalama, kisha kuaminiana, kutunzana, kuheshimiana, halafu mwelekeo mpya wa maisha, na kumbukumbu huja mwisho. Mpangilio huo una maana yake: hakuna anayeombwa kufungua kidonda siku ya kwanza. Katika kikundi kimoja huweza kukaa aliyenusurika, aliyetoka gerezani, na mke wa aliyefungwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliowafuata watu 100 wa vikundi na wengine 100 wasiokuwa katika vikundi, ulikuta afya ya akili ya wa vikundi imekuwa bora, na miezi 8 baadaye bado ilikuwa hivyo.

Saa 3 mara 15 ni 45. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba hiyo ni wiki nzima ya kazi. Ni kweli.

Basi pakazuka ubishi ambao tunauandika kama ulivyokuwa, maana haukwisha. Wajumbe wa viwandani walitaka vikundi viwe ndani ya kiwanda, baada ya zamu au wakati wa mapumziko, ili nauli isiwepo na muda usipotee. Wachuma chai walikataa kabisa. Walisema: nyapara ni mtu wa kijijini kwetu, mkewe ni jirani yangu, nitazungumzaje juu ya usingizi wangu mbele ya anayeandika kilo zangu? Mmoja alieleza kwamba mahali alipowahi kufanya kazi zamani, mfanyakazi alimweleza msimamizi wake kwamba hapati usingizi, na mkataba wake ulipokwisha haukuandikwa upya. Sababu hakuambiwa. Huenda havihusiani. Lakini tangu siku ile, alisema, hakuna aliyemweleza msimamizi chochote.

Sisi tunaoandika taarifa hii tunaegemea upande wa wachuma chai, ingawa tunajua uzito wa nauli. Tiba ya jamii huanza na usalama, na usalama haupatikani mahali ambapo mtu mmoja chumbani anaweza kukunyima kazi kesho. Kikundi kiwe nje ya geti. Muda ndio utoke ndani ya geti.

NDERA IKO JIRANI TU

Tulishangaa kugundua jambo ambalo liko mbele ya macho yetu kila siku. Eneo maalumu la viwanda la Masoro liko katika tarafa ya Ndera, na Ndera ndiko iliko hospitali kubwa ya magonjwa ya akili nchini, iliyoanzishwa mwaka 1968 na shirika la Mabruda wa Upendo. Hospitali hiyo yenyewe imepitia moto: Aprili 1994 watu wengi waliokimbilia humo waliuawa. Leo inatibu watu kutoka kila pembe ya nchi. Hata hivyo mfanyakazi wa Masoro aliyezidiwa na mawazo anaweza kupita jirani yake miaka kumi asiingie, kwa sababu mtaani kumwambia mtu aende Ndera ni tusi. Mjumbe mmoja alipendekeza hati ya ruhusa ya ugonjwa isitaje hospitali wala idara, itaje siku tu. Kwetu ni pendekezo dogo, la bure, na la kufaa mara moja.

Si lazima kila mtu aende hospitali. Wizara ya Afya iliweka sera ya afya ya akili mwaka 1995, wakati nchi ilikuwa bado haijafuta machozi, na tangu hapo huduma zimesogezwa hadi hospitali za wilaya. Chama cha washauri cha ARCT-Ruhuka kipo tangu 1998, na jina lake la pili maana yake ni pumzika. Njia zipo, ila hazijafika getini.

SHAKA ZETU

Si kila karatasi ilikuwa ya sifa. Wajumbe kadhaa waliandika kwamba wanaogopa ushauri utumike kumtuliza mfanyakazi badala ya kuondoa kinachomsumbua. Mtu anayelala saa 4 kwa sababu ya zamu mbili mfululizo haumwi mawazo, anaumwa zamu. Mwenye deni dukani kwa sababu mshahara umechelewa, huzuni yake itapungua mshahara ukifika. Ukimpeleka kikundini huku zamu na mshahara vikiwa vile vile, umemfundisha kuvumilia tu.

Tunaikubali shaka hii kwa nusu. Wale wa Masaka waliulizwa palitokea nini maishani mwao huzuni ilipoanza, na ugomvi ulikuwa miongoni mwa majibu. Kama jibu la mfanyakazi ni mwajiri, basi kikundi chema kitamwelekeza kwenye tawi lake, na tawi lijue la kufanya. Nusu ya pili hatuikubali. Yupo mwenzetu ambaye mshahara wake ukija kwa wakati na zamu yake ikipunguzwa, bado atashtuka usiku kwa yale aliyoyaona mwaka 1994, au kwa yale aliyoyaona mamaye. Huyo tukimwambia tatizo lake ni la mkataba tu, tutakuwa tumempita kama wengine walivyompita.

Juu ya sheria tulijikumbusha machache. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema wazi kwamba neno afya, linapohusu kazi, lina maana ya mwili na akili pia. Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo mjini Geneva uliingiza haki ya mazingira salama na yenye afya katika misingi mikuu ya kazi, na mkataba huo ukawa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama inawajibika kuiheshimu misingi yake. Rwanda ni mwanachama tangu 1962. Kwa hiyo tunapozungumza na mwajiri juu ya saa za kikundi hatuombi zawadi. Tunazungumzia jambo lile lile tunalozungumza tunapodai glavu na viatu vya mpira.

Kilichokubaliwa ni kwamba katika mazungumzo yajayo ya mikataba ya pamoja, kila tawi liweke mezani dai la saa 24 kwa mwaka, za malipo, kwa mfanyakazi aliyeandikiwa kikundi au mshauri na kituo cha afya. Kwa anayelipwa kwa kilo, malipo yawe wastani wa kilo zake za mwezi uliotangulia. Wachuma chai walisisitiza neno wastani liandikwe, maana bila hilo watalipwa kwa siku ya kiangazi. Wa viwandani walitaka nauli iongezwe. Ilipigiwa kura, ikashindwa kwa kura 3, itarudi kikao kijacho.

Kwa watafiti tumeandika barua fupi. Tumewaomba kwamba watakapopima tena nafuu ya watu, wapime pia ujira uliopotea ili nafuu hiyo ipatikane, na waulize swali la mama wa chai mapema kabla hajaliuliza yeye. Tumewaomba vile vile watupe nafasi mbili katika mkutano wao ujao, na nauli ya kutoka Batsinda.

Karatasi za maoni zimechapwa kwa Kinyarwanda na Kiswahili na ziko kwa makatibu wa matawi. Usiandike jina. Zirudishwe kabla ya malipo ya mwisho wa mwezi, kwa sababu baada ya hapo, kama tunavyojuana, nusu yake zitakuwa zimefungiwa chumvi.